Rejeta Kutoka Kabazi

Kufikia Jumatano, Makhanu alikuwa ameulizia rejeta katika kila duka la spea mjini Nakuru, na gari lake bado lilikuwa gerejini, boneti juu, pua imefunguliwa, mipira ya maji inaning'inia.

Kwa wanaoanza nasi leo, huyu Makhanu ni fundi wa umeme katika kinu cha unga, mpangaji wa Section 58, mjukuu wa mtu aliyekuja kutoka Bungoma kufanya kazi ya reli na asirudi tena. Ana Subaru Impreza ya turbo, ya buluu, ya miaka ya tisini, gari la mbio ambalo siku hizi hukimbia likijisikia. Ana mchumba pia, Cheruto, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, binti wa mkulima wa kahawa wa Subukia.

Mabaya yake yalianza kinuni, alipopunguziwa zamu. Kisha mwenye nyumba akataka chumba chake. Kisha, Jumapili iliyopita, alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, gari likachemka langoni mwa mzee. Mvuke ulipanda mbele ya wajomba wote, na maji ya kijani yakatiririka mpaka kwenye viatu vya baba yake Cheruto.

Katika aibu ile Makhanu alitoa ahadi.

Mama yake Cheruto alikuwa hospitalini Nakuru, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na angeruhusiwa kutoka Jumamosi. Makhanu alisema, watu wote wakisikia, kwamba yeye ndiye atakayemleta nyumbani, tena kwa gari hilohilo.

Mzee alilitazama gari kwa muda. Hakuitazama rejeta iliyopasuka. Alilitazama gari zima, toka taa za mbele hadi bawa la nyuma.

"Kwa hili?" akauliza.

"Kwa hili, mzee."

Mzee akaingia ndani na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Siku ya koito, sherehe ya posa na mahari, haikutajwa. Wajomba wakamsaidia Makhanu kujaza maji, wakamsindikiza kwa macho, naye akashuka Nakuru akisimama kila mara kumpoza mgonjwa wake.

Sasa zilibaki siku chache, na Makhanu hakuwa akitulia. Alikunywa chai amesimama. Kazini alipanda ngazi ya kinu bila sababu na kuishuka tena. Mtu akimsemesha, aliitikia huku vidole vikitafuta simu kuona kama muuzaji fulani amejibu.

Cheruto alimwambia, kwa utaratibu kabisa, akodi teksi. Mama angelala vizuri kiti cha nyuma, wangefika, mambo yangeisha.

"Mbona unajisumbua na hilo gari?" alimuuliza. "Hakuna aliyekuomba."

Makhanu aliyasikia maneno hayo kama dharau. Alimjibu kwamba ahadi ni ahadi. Cheruto akakusanya madaftari ya wanafunzi na kuondoka kabla chakula hakijaiva. Katika uchumba wao wote, hakuwahi kuondoka hivyo.

Fundi wake alikuwa Miraji, mzaliwa wa Bondeni, mtu wa maneno laini na maoni makali. Miraji alikuwa ameitoa rejeta ya zamani na kumwonyesha ufa uliopita kwenye tangi la juu la plastiki, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaipima injini kama gasketi imeungua, akatikisa kichwa. Gasketi ilikuwa salama. Mungu alikuwa amemhurumia hapo, lakini asijaribu tena kuichemsha.

"Tatizo lako ni moja tu, ndugu yangu," Miraji alisema. "Gari lako linataka kitu kizuri na mfuko wako unataka kitu rahisi."

Rahisi ilikuwepo. Duka la kwanza lilimtolea rejeta mpya kabisa, bado ina karatasi, kwa bei ambayo ingemwachia hata ya mafuta. Muuzaji aliapa kwamba inaingia Impreza zote. Makhanu aliigeuza, akaipima kwa kiganja. Ilikuwa nyembamba, ya injini isiyo na turbo, na ule mrija mdogo wa kwenda kwenye tangi la ziada haukuwepo. Muuzaji akasema mrija unaweza kuzibwa tu. Makhanu alijiona akipanda mlima wa Bahati na mama mgonjwa pembeni, mrija umezibwa, na akairudisha kaunta.

Duka la pili lilikuwa na iliyotumika, imetoka Japani, ya turbo hasa. Ilikuwa na kila kitu. Lakini alipoyagusa yale mapezi yake membamba kwa ukucha, yalivunjika na kumwagika kama chumvi. Aliyekuwa akiiuza aliona, na hata yeye hakuendelea kuisifu.

Mchomeaji wa kule Industrial Area alisema anaweza kuitengeneza ya zamani kwa kuweka moyo mpya na tangi la shaba. Kazi nzuri, ya kudumu. Ila moyo ungetoka Nairobi, na usingefika kabla ya Jumatatu.

Hapo ndipo Miraji alipoleta fikra yake kubwa. Kulikuwa na kijana wa Section 58, Zayed, ambaye wikendi hushindana na magari ya aina hiyo kwenye viwanja vya vumbi. Zayed alikuwa na rejeta ya alumini tupu, nene mara mbili ya kawaida, ya mashindano. Alikuwa anaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu alishabadilisha gari.

Makhanu alisita. Miraji hakusita hata kidogo. Alisema ukiweka kitu kama hicho, unaweza kupanda mpaka Nyahururu na kurudi bila mshale wa joto kujua kwamba umetoka nyumbani.

Alhamisi jioni rejeta hiyo ikaja, iking'aa kama sufuria mpya. Miraji akaishusha mahali pake, ikakaa vizuri. Akaweka feni, zikagoma. Unene wa rejeta ulikuwa umekula nafasi yote, na feni ziligusana na puli za injini. Miraji alijaribu kuzisogeza kushoto, akajaribu kulia, akajaribu kuikata fremu ya feni. Mwishowe alikaa chini kwenye tairi na kujifuta jasho.

"Inataka feni nyembamba," alikiri. "Na feni hizo ni bei ya rejeta nyingine."

Makhanu hakumlaumu. Alizunguka gari, akazunguka tena. Zayed aliyekuja kuangalia alikubali kuichukua alumini yake, akirudisha pesa karibu zote. Labda alimwonea huruma, kwa sababu alipofika mlangoni aligeuka.

"Boss, kuna msee Kabazi ako na Subaru kama yako," alisema. "Ilibingirika, lakini mbele haikuguswa. Shida ni moja, huyo jamaa hauzi. Tumejaribu wote."

"Anaitwa nani?"

"Wanyoike. Uliza tu mwenye gari la turubai. Wanamjua."

Ijumaa asubuhi Makhanu aliomba ruhusa kazini, akapanda matatu mpaka Bahati na kuchukua bodaboda kuelekea Kabazi. Kulikuwa kumenyesha usiku. Njia ilikuwa ya utelezi, na mwendeshaji wa boda hakuacha kumwambia akae wima. Walipouliza mwenye gari la turubai, mama mmoja aliyekuwa akikama aliwaelekeza kwa kidevu bila kuacha chuchu za ng'ombe.

Wanyoike alikuwa shambani akipalilia viazi. Alipalilia akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipomaliza sehemu yake aliisogeza ndoo mbele kidogo, akaketi tena, akaendelea. Gongo la chuma lilikuwa limelala kwenye matuta kando yake. Alikuwa wa umri wa Makhanu hivi, mrefu, na mguu mmoja ulikuwa umenyooka moja kwa moja bila kujikunja.

Makhanu alimsalimia na kueleza shida yake.

"Madalali wamekuja wengi," Wanyoike alisema. "Mmoja alitaka injini, mwingine gia. Sijauza hata kioo."

"Mimi nataka rejeta peke yake."

"Kila mtu hutaka kitu kimoja peke yake."

Makhanu hakuwa na hila nyingine ila kusema ukweli, au sehemu yake. Alisema kuna mama mgonjwa wa nyonga anayetakiwa kupelekwa nyumbani kesho, kwamba aliahidi kumpeleka, kwamba ameshajaribu rejeta za kila aina na zote zimemshinda. Hakutaja jina la mtu yeyote.

Wanyoike alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza gari lake ni rangi gani.

"Buluu."

Wanyoike akaitikia kwa kichwa, akaokota gongo lake na kujiinua. "Njoo basi. Spana ziko kwenye stoo."

Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, limefunikwa kwa turubai la kuanikia mahindi. Wanyoike alilivuta turubai, na Makhanu akaona Impreza ya fedha, ndugu kamili wa lake, paa limebonyea na upande mmoja umekunjamana. Mbele palikuwa pazima. Taa zilikuwa nzima. Hata vumbi lilikuwa limefutwa.

Rejeta ilikuwa ile hasa. Ya turbo, ya gia za mkono, mrija mdogo mahali pake, mapezi magumu chini ya ukucha. Makhanu alijaribu kuficha furaha yake akashindwa.

Walifanya kazi pamoja. Wanyoike alikaa kwenye ndoo yake akishika tochi, Makhanu akilegeza bolti. Zilikuwa zimeshika kutu, na kila moja ilitaka kubembelezwa. Ni katika kubembeleza huko Wanyoike alipoanza kusimulia, bila kuulizwa, kama mtu anayemweleza fundi historia ya gari.

Alisema ajali ilitokea kwenye miteremko ya Subukia, kona ile mbaya ya chini. Kila mtu anajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Polisi waliandika hivyo, na mahakama ikamnyang'anya leseni.

"Lakini sikuwa mimi," alisema.

Makhanu aliendelea kuzungusha spana.

"Nilikuwa namfundisha msichana wangu. Alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi, kusema kweli. Ng'ombe alitoka kichakani. Mtu yeyote angebingirika. Yeye alizimia, mimi nikabanwa mguu. Alipopelekwa wodi yake, baba yake alikuja yangu."

Hapo akaiinua tochi iliyokuwa imeshuka.

"Mzee aliniomba niseme ni mimi nilikuwa naendesha. Msichana hakuwa na leseni, na alikuwa amepata barua ya kuanza kazi ya ualimu. Nikaona ana haki. Nikakubali. Baada ya kuandika taarifa ndipo akaniambia jambo la pili, kwamba nisimtafute tena. Nilikuwa nimelala pale na chuma mguuni. Ningefanya nini?"

Makhanu tayari alijua. Mikono yake ilijua kabla yake, kwa sababu spana ilikuwa imesimama. Hata hivyo aliuliza.

"Msichana mwenyewe alisema nini?"

"Sijui aliambiwa nini. Mimi nilipelekwa kwa dada yangu Nanyuki kutibiwa, nikakaa huko muda mrefu. Niliporudi hapa kwa wazazi, nikasikia anafundisha Nakuru. Anaitwa Cheruto. Baba yake ana kahawa."

Bolti ya mwisho ilitoka na kuanguka ndani ya injini. Wote wawili walisikia ikigonga vyuma mpaka chini. Makhanu aliingiza mkono kuitafuta, akakaa ameinama hivyo kwa muda, uso ukiwa umefichwa na boneti. Mambo mengi yalikuwa yakijipanga upya kichwani mwake. Mzee hakuwa amechukia mvuke. Cheruto hakuwa amedharau gari. Kila mara alipomwomba apunguze mwendo, kila mara alipokataa hata kukaa nyuma ya usukani gari likiwa limezimwa, Makhanu alimtania kwamba ni mwoga.

Angeweza kusema wakati ule. Angeweza kujitambulisha kama mwanamume, aseme huyo Cheruto ni mchumba wangu, na rejeta hii nimeitaka ili nimpeleke mama yake kwa mzee yuleyule. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni kuuliza bei.

Wanyoike akataja bei ndogo kuliko hata ile rejeta nyembamba ya duka la kwanza. Makhanu alisema ni kidogo mno. Wanyoike akasema rejeta imekaa tu, inangoja kuoza, afadhali itembee.

Akaifunga mwenyewe kwa gunia, akaikaza kwa kamba ya katani ili isigongwe njiani. Makhanu akamshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameshapanda bodaboda, gunia mapajani, Wanyoike aliposogea mpaka langoni kwa gongo lake.

"Msalimie Mama Cheruto," alisema. "Mwambie pole kwa nyonga. Safari njema, Makhanu."

Makhanu hakuwa amemtajia jina lake.

Boda iliondoka. Alipogeuka kuangalia, Wanyoike alikuwa tayari anarudi kwenye viazi vyake. Bila shaka alikuwa amesikia. Gari la buluu likichemka langoni mwa mzee Jumapili, habari hufika Kabazi kabla ya chakula cha jioni. Alijua tangu alipouliza rangi. Basi kwa nini alisimulia yote yale? Na kwa nini aliuza?

Swali hilo lilimkera njia nzima mpaka Nakuru, na lilimkera gerejini wakati Miraji akiimba kwa furaha. Rejeta iliingia kana kwamba gari lilikuwa likiingoja. Feni zilikaa, mipira ilishika, mrija mdogo ukapata mahali pake. Walijaza maji, wakatoa hewa, wakaiacha injini ingurume mpaka feni zikawaka zenyewe na kuzima zenyewe. Mshale wa joto ulipanda hadi chini kidogo ya nusu, ukakaa hapo.

Miraji alimpiga begani. Alisema sasa aoe.

Makhanu alijaribu kutabasamu. Aliwaza kukodi teksi hata sasa. Aliwaza kumpigia Cheruto amwambie ukweli, akaona hilo si jambo la kusema kwa simu. Aliwaza kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko yote. Wanyoike mwenyewe alikuwa amenyamaza muda wote huo. Cheruto alikuwa amenyamaza. Mzee alikuwa amenyamaza. Angekuwa mtu mmoja zaidi tu katika foleni ya walionyamaza, na kesho angefika Subukia na sifa zake.

Jumamosi asubuhi aliwakuta nje ya wodi. Mama Cheruto alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shali mabegani, mwanamke mwembamba mwenye macho yanayokutazama mpaka mwisho. Cheruto alikuwa amebeba begi na mito. Alikuwa amejiandaa kwa teksi. Alipoliona gari la buluu, likinguruma kwa upole kando ya lango, midomo yake ilibana.

"Umelitengeneza," alisema.

"Nimelitengeneza."

Walimweka mama kiti cha mbele, kimesukumwa nyuma kabisa ili mguu ulale vizuri. Cheruto akakaa nyuma. Makhanu akaendesha kama aliyebeba mayai, akiyakwepa mashimo, akipunguza gia mapema. Mji uliisha, mashamba yakaanza. Mshale haukutikisika.

Mama alikuwa na maneno mengi ya kusema baada ya wodi yote ile. Aliwasimulia habari za wagonjwa wenzake, za mhudumu mmoja aliyeficha sukari, za daktari kijana aliyemwita bibi. Makhanu aliitikia. Nyuma hakukuwa na sauti. Kwenye kioo aliona Cheruto ameshika mlango kwa mkono mmoja, kama siku zote, na kwa mara ya kwanza alijua kwa nini.

Walipanda mlima wa Bahati. Hapo ndipo mahali pa kuchemkia, na gari halikuchemka. Mama akausifu mwendo. Akasema baba yake Cheruto atashangaa, na wajomba wamekwisha kufika, wameshachinja.

"Inaonekana siku ya koito itatajwa leo," alisema, akamgusa Makhanu mkono.

Makhanu angepaswa kufurahi. Badala yake alikaza macho barabarani. Mbele, mwendo mfupi tu, kulikuwa na njia panda ya Kabazi.

Na ni hapo Cheruto alipozungumza.

"Rejeta uliipata wapi mwishowe?"

Swali la kawaida. Angeweza kusema Industrial Area. Angeweza kusema kwa Zayed, na isingekuwa mbali sana na ukweli. Makhanu alipunguza mwendo bila kukusudia.

"Kabazi," alisema.

Mama Cheruto aligeuza shingo.

"Kabazi kwa nani?"

"Kwa mtu anayeitwa Wanyoike. Ana gari kama hili, la fedha. Lilibingirika." Sasa hakuweza kujizuia. "Anatembea na gongo. Analima viazi. Alinituma nikupe pole, mama."

Injini ilisikika, na matairi, na begi likiteleza kwenye kiti. Makhanu alitazama kioo. Cheruto alikuwa ameuachia mlango, mikono yote miwili imelala mapajani.

"Wanyoike yuko Nanyuki," Cheruto alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesahihisha kosa la mwanafunzi. "Alihama. Alisema hataki kuniona kwa sababu ya mguu. Baba alinieleza."

"Hakusema hivyo," Makhanu alijibu. "Aliambiwa asikutafute. Na kabla ya kuambiwa hivyo aliombwa aseme ni yeye alikuwa anaendesha. Aliniambia mwenyewe jana. Sikumwambia mimi ni nani, lakini alijua."

"Aliombwa na nani?"

Makhanu hakuweza kulitamka hilo, mama akiwa pale kando yake na bandeji yake na mito yake. Hakuhitaji.

"Na baba yako," alisema Mama Cheruto.

Alikuwa anaangalia barabara. Alisema alilijua jambo hilo siku ileile, na kwamba alikuwa amejiambia ni kwa ajili ya kazi ya mtoto, na baadaye atalisema, na baadaye ikawa mbali. Hakulia. Alikunja ncha ya shali yake, akaikunjua.

"Simamisha gari," alisema Cheruto.

Walikuwa wamefika njia panda. Makhanu alisogea kando, akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono. Kushoto njia ya Kabazi iliingia kati ya mahindi, nyekundu bado kwa mvua ya juzi. Mbele lami ilikwenda kuteremka Subukia, kwa mzee na wajomba na nyama iliyokwisha kuwekwa motoni.

Simu ya mama ilianza kuita ndani ya mkoba. Wote watatu walijua ni nani. Iliita mpaka ikanyamaza, ikaita tena.

Cheruto alishuka. Makhanu alidhani anataka kutapika, au kulia mahali ambapo hawatamwona, akafungua mkanda amfuate. Lakini Cheruto alizunguka nyuma ya gari na kuja kusimama upande wake, mlangoni, akiwa amenyooka. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Hamia nyuma," alisema.

"Cheruto, hujaendesha tangu..."

"Najua tangu lini. Hamia nyuma."

Makhanu alimtazama mama, akitarajia akataze. Mama alikuwa ameshika mkoba uliokuwa ukiita, wala hakuufungua.

"Mpishe, mwanangu," alisema.

Akampisha. Alikaa kiti cha nyuma, mahali palipokuwa bado na joto la Cheruto, katika gari lake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza wiki nzima hakuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yake. Aliwaza kwamba mtu yule wa Kabazi huenda alijua hivi ndivyo itakavyokuwa, ndiyo maana aliuza. Kisha aliwaza kwamba labda mtu yule hakuwa na hesabu yoyote, alichoka tu kulifuta gari vumbi. Hakuna alichoweza kuthibitisha.

Cheruto alivuta kiti mbele. Alirekebisha kioo, na kwa nukta moja macho yao yakakutana humo, wala Makhanu hakuweza kusoma chochote. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza bila kuitazama, akashusha breki ya mkono. Gari likasogea polepole kuelekea ukingo wa lami, laini kabisa, kama lililokuwa likimfahamu.

Makhanu aliinama mbele kutazama indiketa, ajue kama ni Kabazi au Subukia. Cheruto hakuwa amewasha yoyote.